Gari la Kumlaza Mama Mkwe

Nimeuza ndengu sokoni Kwa Vonza karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kutamani gari la kulala ndani. Kitanda ninacho. Nyumba ninayo pia, ya matofali, na marehemu mume wangu aliiezeka vizuri kabla hajaondoka. Kwa hiyo nilipomwambia dada yangu kwamba natafuta gari lenye kitanda, jiko na mapazia, aliniuliza kama nimeanza uzungu uzeeni. Nikamwambia sijaanza uzungu, nimeanza kuwa nyanya, na kwa Mkamba hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi.

Tatizo lilikuwa mkwe wangu. Si kwamba ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepata raha ya kumsema. Ni kijana mpole, mkulima wa machungwa upande wa Kalamba, na zamani alikuwa dereva wa lori la kubeba hayo hayo machungwa. Alimwoa binti yangu wa pekee kwa utaratibu, mbuzi wakaja, wazee wakala, kila mtu akaenda kwao ameshiba. Lakini kwetu kuna kitu tunakiita nthoni. Ni haya na heshima vikiwa kitu kimoja. Mama mkwe na mkwewe hawapeani mikono, hawaangaliani usoni, na wakikutana njiani mmoja huacha njia akapitia vichakani. Zaidi ya yote, mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe.

Siku hizi wengi wameyaacha hayo. Mchungaji wetu husema kanisani kwamba ni mambo ya giza, nami humwitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha nikimwona mkwe wangu sokoni najificha nyuma ya magunia. Akili yangu imeokoka, miguu bado.

Haya yote tuliishi nayo bila shida hadi binti yangu alipopata mimba. Ilikuwa ya pili. Ile ya kwanza ilitoka nikiwa huku Kwa Vonza napima ndengu, na niliipata habari kwa simu, mzani bado mkononi. Nilipofika Kalamba kila kitu kilikuwa kimekwisha. Nilikaa na mwanangu hadi jioni, jua likaanza kushuka, na kwa sababu ya desturi ikabidi niondoke nikalale sokoni kwa rafiki. Nilimwacha amegeukia ukuta. Sikuwahi kuichukia nthoni kabla ya jioni ile.

Safari hii daktari alimwambia alale. Asibebe ndoo, asiiname, asitembee ila kwenda msalani, mpaka mtoto azaliwe. Mama wa mkwe wangu alifariki zamani na dada zake wako Mombasa na watoto wao. Mkwe wangu alikuwa anapika na kufua, na alifanya bila kunung'unika, lakini mwanamume hajui mwanamke mjamzito anapodanganya. Binti yangu husema "niko sawa" kwa sauti ile ile akiwa sawa na akiwa anakufa. Mimi ndiye nijuaye tofauti, na ili niijue lazima nimsikie. Nilitaka kulala mahali ambapo akiguna nitasikia. Hilo tu ndilo nililotaka duniani.

Niliwaza kwenda na kurudi kila siku, lakini kati yetu kuna Mto Athi na barabara ambazo mvua ikinyesha huwa si barabara tena. Niliwaza kupanga chumba sokoni Kalamba, lakini kutoka hapo hadi kwao kuna mlima mzima, na usingizini sina masikio ya kuvuka mlima. Dada yangu akasema nijenge kibanda bomani mwao. Nikamuuliza, nikijenga kwa mkwe wangu, watu wa Kalamba watasema nini? Watasema mama na binti wameolewa pamoja. Tuliacha hapo.

Gari nililisikia kanisani, na ndiyo maana mimi sikosi kanisani. Mwenzangu wa kwaya alikuwa ametoka Mukuyuni akaona gari linauzwa, la zamani, refu, lenye paa la kuinuliwa, na ndani kuna kitanda. Tena ni fowili, akasema, magurudumu yote manne yanavuta. Mimi sikusikia tena mahubiri. Nilikuwa nahesabu desturi. Nthoni inasema nisilale katika nyumba ya mkwe wangu. Haisemi kitu juu ya kulala katika gari langu mwenyewe, lililosimama nje ya nyumba ya mkwe wangu, madirisha yakiwa wazi.

Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Mwingi, mzee ambaye babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alikuwa akilitumia kwenda kuuza vitambaa huko kaskazini ambako hakuna vyumba vya kupanga. Sasa mgongo umekataa safari, akasema, na amelileta Mukuyuni kwa nduguye kwa sababu njia hiyo ina wanunuzi.

"Karibu mama," akaniambia. "Gari hili limenistiri jangwani. Lina umri, sitakuficha, lakini halina utovu wa adabu."

Nilipenda kitanda mara moja. Nilipenda jiko dogo la gesi lililofichwa chini ya kibao, na ndoano za kutundikia nguo, na pazia la kijani lililotenga kitanda na kiti cha dereva ukitaka. Lakini mimi nimeuza ndengu. Najua kwamba juu ya gunia huwekwa punje nzuri. Kilichohitajika ni mtu wa kuangalia chini. Na mtu pekee niliyemwamini kwa magari alikuwa mkwe wangu, ambaye siwezi kusimama naye.

Binti yangu, akiwa kitandani na simu, alitupanga kama karani wa mahakama. Mkwe wangu angefika kwa pikipiki baada ya mimi kufika. Mimi ningekaa kwenye baraza ya duka la mbegu, mgongo kwa gari. Mzee angepeleka maneno huku na huku. Na ndivyo tulivyofanya. Mkwe wangu akafika, akajilaza chini ya gari kwenye vumbi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama barabara. Mimi nikakaa nimekodolea macho mfuko wa mbegu za mahindi kana kwamba ni picha ya harusi.

"Mwambie mama hii gari injini iko sawa," nilisikia sauti kutoka chini. "Lakini difu ya nyuma inavuja oili kidogo."

Mzee akazunguka kona ya duka. "Mama, kijana anasema injini ni nzima, ila difu, lile bonge la chuma kati ya magurudumu ya nyuma, yavuja kidogo."

"Mwambie nimesikia. Muulize kama kuvuja huko kunaweza kuniacha njiani."

Akarudi. Akaja tena. Springi moja imebadilishwa. Tairi ni nzuri isipokuwa spea. Kutu iko mlangoni, si kwenye chesisi. Baada ya safari kadhaa mzee alisimama katikati yetu akajipangusa jasho.

"Jamani, samahanini," akasema. "Nyinyi mmegombana?"

"Hapana!" tukajibu kwa pamoja, kila mtu na upande wake.

Alicheka hadi akashika kiuno. Kwao, akasema, mkwe ni mtoto wa nyumbani, hula sahani moja na mama. Nikamwambia kila nchi na mambo yake, na apunguze bei kwa kuwa difu inavuja. Alipunguza. Niliuza pikapu yangu ya ndengu na stoo nzima, nikalichukua.

Lakini kuna ujumbe mmoja haukunifikia. Katika gari lile, ili magurudumu ya mbele yavute, haitoshi kusukuma kirungu kilicho ndani, kando ya gia. Ni lazima ushuke, uende kwa kila gurudumu la mbele, uzungushe kwa mkono kifundo cha chuma kilicho katikati. Mafundi hukiita habu. Usipokizungusha, una gari la kawaida lenye kirungu cha ziada. Mkwe wangu alikijua kifundo hicho na alisema nielezwe. Mzee alianza kuja, simu yake ikalia, akasalimiana na watu wa Mwingi kwa kirefu, na alipomaliza akaanza kunionyesha jinsi ya kufungua gesi. Basi ujumbe ukabakia Mukuyuni.

Sikuwa na haja nao kwanza. Nilifika Kalamba njia ikiwa kavu, nikaliegesha upande wa dirisha la chumba cha binti yangu, mlango ukitazama mashamba ili mkwe wangu asione ndani. Jioni ya kwanza nililala nimefungua kioo, na nikamsikia mwanangu akipiga chafya. Nililia kwa furaha ya chafya.

Zilikuwa siku njema. Asubuhi mkwe wangu akishaenda shambani mimi huingia, namwogesha binti, tunasengenya. Akirudi hukohoa toka mbali, kikohozi cha mtu asiyeumwa chochote, nami hutoka kwa mlango wa jikoni na kurudi garini. Alikuwa ananiachia maziwa kwenye jiwe karibu na gari, na machungwa, na mara moja alinikuta nje akarudi nyuma mpaka akaingia kwenye banda la kuku. Watu wa huko walikuja kuniangalia. Mama mmoja aliniuliza kama mkwe wangu amenifukuza ndani. Nikamwambia hapana, ni mimi niliyekuja na nyumba yangu. Wasemao mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakumfikiria mgeni mwenye nyumba yake.

Kisha mvua ikaja, ikanyesha kama inalipiza kisasi. Asubuhi moja, kabla sijawasha chai, nilimsikia binti yangu akisema dirishani, "Mama, niko sawa." Nikajua papo hapo kwamba hayuko sawa.

Mpango wa siku hiyo ulikuwa umeshapangwa na yeye mwenyewe. Yeye angelala kwenye kitanda changu, mimi ningeendesha, na mkwe wangu angetufuata kwa pikipiki hadi hospitali ya mji wa Wote. Ndani ya gari hangeweza kukaa. Pale palikuwa chumba changu cha kulala, na mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe hata nyumba ikiwaka moto. Mimi nimeendesha pikapu kwenye njia mbaya tangu ujana. Sikuwa na hofu. Na nilikuwa na fowili.

Chini ya kwao kuna mto wa mchanga, ule ambao mwaka mzima ni njia ya mbuzi na mvua ikinyesha unakumbuka kazi yake. Maji yalikuwa yameshapungua, hayafiki hata kwenye goti. Nikasukuma kirungu nilichoonyeshwa, nikaomba, nikaingia. Katikati gari likazama. Nikakanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yakazunguka na kuchimba, ya mbele yakakaa tu kama wageni wa heshima. Nikasukuma kirungu tena na tena. Nyuma yangu binti yangu alianza kuguna, mguno ule niliokuja kuusikiliza. Niliona jioni ile nyingine, na mwanangu amegeukia ukuta. Nikasema kwa sauti, Mungu, hapana, si mara mbili.

Mkwe wangu alifika, akatupa pikipiki kando, akaingia majini na viatu. Aliangalia gurudumu la mbele mara moja tu akashika kichwa. Akainama, akazungusha kifundo kwa nguvu zake zote, akaenda upande wa pili akazungusha kingine. Halafu akaziachia tairi upepo kidogo ili zisichimbe. Akaja hadi mlango wa ubavuni, akasimama ameangalia maji.

"Mwambie mama ajaribu sasa," akamwambia mke wake. "Aanze na gia ya pili, asikanyage sana."

"Anasema... gia ya pili," akasema binti yangu kati ya pumzi.

Nikajaribu. Mguu wangu ulikuwa unaruka juu ya klachi, gari likashtuka na kuzima. Nikajaribu tena, likazima.

"Mwambie mama aachilie klachi polepole."

"Mwambie naachilia polepole!" nikasema.

Binti yangu akashika nguzo ya kitanda, akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika Mukuyuni. "Aiya! Nyinyi watu! Ongeeni! Ongeeni nyinyi wawili, mimi niko na kazi yangu hapa!"

Nikageuka kwenye kiti, nikamtazama mkwe wangu usoni. Nilikuwa sijawahi. Alikuwa na matope hadi kwenye nyusi, na midomo ilikuwa inamtetemeka sawasawa na yangu. Nikaona kwamba naye alikuwa anaiona jioni ile ile.

"Mwanangu," nikamwambia. "Ingia uendeshe."

"Siwezi, mama." Alisema akitazama chini. "Hiyo ni nyumba yako."

Na ni kweli, ilikuwa nyumba yangu. Gauni langu la kulalia lilikuwa linaning'inia nyuma ya kiti cha dereva, na ndara zangu zilikuwa chini ya kitanda, na beseni langu la kuogea. Nilimwelewa kabisa, kwa sababu hata mimi ningekufa papo hapo kumwona ameketi kando ya lile gauni. Watu wanaweza kusema ujinga, mwanamke anajifungua na nyinyi mnajali gauni. Waseme. Wao hawakulelewa na mama yangu.

Basi nikashuka majini. Nikang'oa gauni kwenye ndoano, nikachukua ndara, beseni, blanketi, mfuko wa nguo zangu zote, hata mswaki. Nikavuka hadi ukingoni, nikavibwaga vyote juu ya jiwe, mvua ikivinyeshea.

"Nimehama," nikamwambia. "Nyumba yangu ni ile pale. Hilo ni gari tu."

Akaangalia lile rundo juu ya jiwe. Akaniangalia mimi, kwa mara ya kwanza, kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu akaruka kwenye usukani.

Mimi nilikaa nyuma, kichwa cha binti yangu mapajani. Mkwe wangu aliwasha, akatia gia, na gari likatikisika, likazama kidogo zaidi hadi nikafumba macho, kisha nikahisi magurudumu ya mbele yakishika. Yalishika kweli. Gari lilijitoa mchangani taratibu na kupanda ukingo wa pili, na sisi watatu tukapiga kelele pamoja, kila mtu na sababu yake. Njia nzima nilikuwa natazama kisogo cha mkwe wangu. Ana mvi huko nyuma, nami nilikuwa namwita kijana miaka yote. Na tuliongea. Nilimwambia kona ile ina shimo, akasema ameliona mama. Aliniuliza mkewe anaendeleaje, nikamwambia kaza mwendo. Maneno ya kawaida, lakini hatukumtuma mtu.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita mchana. Ni msichana, mwenye mapafu ya mwalimu mkuu. Nesi alipotoka kutuambia kwamba wote wawili ni wazima, nilikaa chini sakafuni, mimi mwanamke wa heshima, nikalia hadi kamasi zikanitoka. Sijui kama kuna neno la vile nilivyojisikia. Miezi yote ile nilikuwa nimebeba gunia kichwani bila kujua uzito wake, na sasa limetuliwa. Vile vitu vyangu vya mtoni, blanketi lililetwa na jirani. Ndara na gauni zilikwenda na maji, na sikuzitafuta.

Mchana ule tuliambiwa tusubiri nje, mama na mtoto wapumzike. Nilikaa kwenye benchi ukumbini. Mkwe wangu akakaa mwisho wa benchi hilo hilo, akiacha kati yetu nafasi ya watu watatu, maana miguu yetu wote wawili ilikuwa imerudia akili zake. Lakini ilikuwa siku ya kliniki. Akaja mama na mtoto anayekohoa, akakaa ukingoni, mkwe wangu akasogea. Akaja mzee mwenye bandeji, mkwe wangu akasogea tena. Akaja mwingine. Mwishowe tulikuwa bega kwa bega, tumekauka kama mbao, kila mtu akitazama ukuta wa mbele. Sijui usingizi ulinichukuaje.

Nilipoamka shavu langu lilikuwa juu ya bega lake, na mate yangu yalikuwa yamelowesha koti lake. Kliniki ilikuwa imekwisha. Mama na mtoto wake walikuwa wameondoka, mzee wa bandeji pia, na benchi lote lilikuwa tupu hadi mwisho. Mkwe wangu hakuwa amesogea. Mkono wake ulikuwa umekaa vibaya chini ya uzito wangu, na lazima ulikuwa umekufa ganzi zamani.

Nikataka kuinuka haraka.

"Lala tu, mama," akasema, akitazama ukuta. "Nesi amepita sasa hivi. Wako sawa, wote wawili."

Nikalala tena.